Boxer moja, watu wawili: shajara ya kupanda Nyanda za Juu Kusini

Novemba, Morogoro. Mpango

Mpango wenyewe ni huu: tutoke Morogoro, ambako tunaishi kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, tupande mlima Kitonga hadi Iringa, tupite Makambako na Njombe, tukate kwenda Makete, tuvuke uwanda wa Kitulo, tushuke Chimala kwa zile kona hamsini na saba, tumalizie Mbeya. Mume na mke, pikipiki moja ya cc 150, mizigo yote juu yake. Baba watoto ndiye dereva mkuu. Mimi leseni yangu ya daraja A bado mpya, nitashika usukani pale tutakapokubaliana. Shajara naandika mimi kwa sababu anayekaa nyuma ndiye mwenye mikono mitupu.

Kila tuliyemweleza ameuliza swali lilelile: kwa nini msiazime pikipiki kubwa? Jibu letu halijabadilika. Boxer inajulikana na kila fundi wa kila senta yenye kijiwe cha bodaboda, na spea zake zinauzwa hata dukani kwa muuza sabuni. Pikipiki kubwa ikizama kwenye tope inataka vijana wanne na chai yao. Hii tukiangusha, tunainua wawili.

Ubaya wake ni nguvu, na hapo ndipo hesabu inapoanza. Injini inapumua hewa kama sisi. Kwenye mita 2,600 za Kitulo mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 73 ya ule wa pwani, kwa hiyo zaidi ya robo ya nguvu mlima umeshaichukua kabla hujakanyaga gia. Injini kubwa huweza kupoteza robo na isijulikane. Cc 150 ikipoteza robo, halafu juu yake wamekaa watu wazima wawili, kila kilo unaisikia. Ndiyo maana mimi mradi huu nauona kuwa ni mradi wa kupunguza uzito. Mafuta, njia, hata barabara mbaya, vyote vinakuja baada ya mzani.

Basi tumeleta mzani wa duka la jirani, tukaanza kutoa. Hema limetoka, maana kila mji kwenye njia yetu una gesti. Jiko la gesi limetoka. Sufuria zimetoka. Viatu vya pili vya baba watoto vimetoka baada ya mjadala. Kamera kubwa imetoka bila mjadala kwa kuwa ni yangu na niliitoa mwenyewe ili niwe na haki ya kusema kuhusu viatu. Vilivyobaki: nguo za baridi, makoti ya mvua, gambuti, spana, tyubu mbili, pampu, plagi mbili, waya wa klachi, dawa, tochi.

Jambo ambalo halijaamuliwa ni mwezi. Kusini kule mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei, tofauti na sisi wa Morogoro wenye vuli na masika. Maua ya Kitulo yanachanua ndani ya mvua hizohizo. Ukitaka barabara kavu unakwenda Julai, na Julai ni jalidi asubuhi na uwanda mkavu wa rangi ya mkate. Baba watoto anataka barabara. Mimi nataka maua.

Januari, Morogoro. Gereji

Tunakwenda Februari. Nimeshinda, lakini ushindi wangu umekuja na masharti ambayo nimeyaandika ukutani jikoni. Tunaondoka alfajiri kila siku. Saa saba mchana tuwe tumeshapata pa kulala, kwa kuwa mvua za milimani hupenda alasiri. Na abiria akisema "simama", dereva anasimama kwanza, sababu inaulizwa baadaye. Sharti la mwisho ni langu na ndilo ninaloliona la maana kuliko yote. Anayeendesha anatazama mita kumi za mbele ya tairi. Anayekaa nyuma anaona bonde lote, wingu linalokuja, na lori linalotokea kona ya tatu huko juu.

Kazi zilizokamilika kwenye pikipiki: sproketi ya nyuma imebadilishwa, imewekwa yenye meno zaidi. Mwendo wa juu umepungua, lakini gia namba moja sasa inavuta vizuri. Tairi zote mbili ni kashata, zile zenye vibonge vya kushika tope. Breki shuu mpya nyuma na mbele. Cheni mpya. Waya wa klachi wa akiba tumeulaza kabisa sambamba na ule unaofanya kazi, umefungwa kwa kamba za plastiki, ukikatika unachomoa huku unachomeka kule. Keria imechomelewa upya ili mzigo ukae chini na karibu na mgongo wangu, maana mzigo ukikaa nyuma na juu, kwenye mlima mkali gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani haushiki.

Fundi wetu ametupa darasa la kabureta ambalo naliandika hapa kwa faida ya wengine. Kabureta haijui uko wapi. Imepimiwa kuchanganya petroli na hewa ya kawaida. Ukipanda juu, hewa inapungua lakini jeti, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli, inaendelea kumimina kama vile uko Morogoro. Mchanganyiko unakuwa mzito, moshi unakuwa mweusi, plagi inashika masizi, pikipiki inakohoa ukifungua mafuta ghafla. Dawa ni jeti yenye tundu dogo zaidi na kurekebisha skrubu ya hewa. Ametupa jeti ndogo kwenye kimfuko, akasisitiza: mkishuka, rudisheni ya zamani. Ukibaki na jeti ndogo huku chini, petroli inakuwa haba, injini inachemka na unaweza kuunguza pistoni. Pikipiki za kisasa zenye sindano za kompyuta hujirekebisha zenyewe. Ya kwetu inarekebishwa na bisibisi.

Februari, Iringa

Kilomita 300 na ushee, lami yote, tumefika tumekufa mgongo.

Mikumi barabara kuu inapita katikati ya hifadhi. Ukiwa ndani ya basi, tembo kando ya barabara ni burudani. Ukiwa juu ya pikipiki ni jambo lingine. Tulijipachika nyuma ya lori la mizigo tukaenda kwa mwendo wake mpaka tukatoka upande wa pili, na hapo baba watoto, ambaye hapendi kukaa nyuma ya lori lolote duniani, hakulalamika hata mara moja.

Ruaha Mbuyuni tulinunua chai, tukakataa vitunguu. Kuna mama alishindwa kabisa kuelewa mtu anapitaje Mbuyuni bila kununua vitunguu, na kwa kweli hata mimi niliona aibu. Mzani wa Morogoro ulitushinda nguvu. Nimeangalia mto Ruaha Mkuu pale, mwekundu wa mvua, na nimeuweka akilini kwa sababu tunakwenda kukutana na baadhi ya maji yake huko yanakoanzia.

Kitonga ndiyo ilikuwa mtihani wa kwanza. Malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa gia ya chini, yananguruma na kutoa joto, na huna pa kuyapita kwa usalama kwenye zile kona. Tulipanda nyuma yao polepole. Sproketi imelipa gharama zake hapo. Gia namba mbili, watu wawili, hakuna aliyeshuka. Juu, Ilula, nyanya zimepangwa kandokando ya barabara na hewa imeshabadilika.

Makambako hadi Njombe

Kuanzia Mafinga misitu ya Sao Hill inakufuata mpaka unachoka na misonobari. Makambako ni njia panda: lami inayonyooka inakwenda Mbeya, sisi tulikata kushoto. Upepo wa Makambako hauna adabu. Hapo tuliwaona vijana wa bodaboda wamevaa majaketi kinyume, mgongo mbele, zipu nyuma. Nimewahi kucheka jambo hilo nikiwa mjini. Tulisimama kando ya sheli, tukageuza ya kwetu vilevile, na tofauti ni kubwa, kwani upepo unaingilia kwenye zipu na shingoni, na ukigeuza jaketi unakuwa umefunga mlango wake.

Joto hushuka kama nyuzi sita kwa kila mita elfu moja unazopanda, hiyo ni kabla ya kuhesabu upepo wa mwendo wako mwenyewe. Mikono ya dereva ndiyo inayoumia kwanza. Tumejua hilo kwa sababu baba watoto alishindwa kufungua kifuniko cha tangi pale Njombe, akaniomba.

Njombe

Tumeamua kulala hapa zaidi ya usiku mmoja. Sababu ya kwanza ni miili. Tumetoka mita 500, tukalala Iringa kwenye mita 1,600 hivi, na sasa tuko karibu na 2,000. Kwa kimo hiki watu wengi hawaumwi, lakini usingizi unakuwa wa vipande na ngazi za gesti zinakuhemesha. Kupanda kwa hatua hivi kunafanya Kitulo isitushtue. Baba watoto alikuwa na kichwa kizito jana jioni, amekunywa maji mengi, leo yuko sawa.

Sababu ya pili ni kabureta. Plagi tuliyoichomoa ilikuwa nyeusi kama chungu cha mama ntilie. Fundi kijana wa kijiwe cha karibu na stendi alipoiona hakuuliza tumetoka wapi. Alisema tu, "Mmetoka bondeni." Akaweka jeti ndogo tuliyopewa, akakaza na kulegeza skrubu huku akisikiliza mlio, akaniambia nipande nizunguke nayo. Nilizunguka. Inavuta tena.

Njombe ukisema "kamwene" unajibiwa na mtaa mzima. Sokoni ni viazi mviringo, parachichi na mbao, na tuliambiwa maporomoko ya mto Ruhuji yako hapohapo mjini, tukaenda kwa miguu, tukalowa bila hata mvua.

Jambo moja la usalama ambalo sisi tusiozoea baridi hatulijui. Mwenye gesti, kwa ukarimu, alituletea jiko la mkaa chumbani jioni. Tuliota moto mlango ukiwa wazi, kisha tukalitoa nje kabla ya kulala. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Blanketi la pili ndilo jibu, na wanalo, ukiomba.

Makete

Njombe hadi Makete ni kilomita 107 hivi za lami, na wanaokumbuka barabara ya zamani wanaisimulia hii kama watu walioona muujiza. Zamani msimu kama huu malori ya viazi yalikuwa yakilala njiani. Sasa ni kona baada ya kona, ukungu unaingia na kutoka, miti ya mbao, mashamba ya viazi yaliyoning'inia kwenye miteremko ambayo mimi nisingethubutu kusimama, achilia mbali kulima.

Mimi ndiye niliyeendesha nusu ya pili. Watoto wa shule walikuwa wanapiga kelele, "Mama anaendesha!" na baba watoto, nyuma yangu, alikuwa anawapungia mkono kama rais. Nimegundua kuwa kukaa nyuma ni kugumu kwake. Alisema "breki" mara nyingi mno. Tumekubaliana jioni kwamba abiria anaweza kusema "simama" lakini haruhusiwi kufundisha.

Kwenye kibanda cha chai kabla ya mji tulimkuta bibi mmoja anauza viazi vya kuchemsha. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmetoka wapi na mzigo huo?"

"Morogoro, bibi."

Akaitazama Boxer, akatutazama sisi, akairudia tena Boxer. "Kwa hicho?"

"Kwa hicho, bibi."

"Mna ugomvi na watu wa mabasi?"

Akatuongezea viazi viwili bure, nadhani kwa huruma. Wakati tunakula alituhesabia wajukuu wake walioko Dar es Salaam, wote Kariakoo, wote dukani. Anayefahamu Kariakoo anajua kwamba ukiulizia asili ya wenye maduka mengi pale, Ukinga, yaani huku Makete, hauchelewi kutajwa. Nikiwa nimekaa kwenye benchi lile, naangalia miteremko ile, nilielewa kidogo. Mtu aliyezoea kupandisha gunia la viazi kwenye mlima ule hawezi kutishwa na kodi ya fremu ya duka.

Mvua ilianza saa nane kasoro. Tulikuwa tumeshaingia ndani. Sharti la ukutani linafanya kazi.

Kitulo

Hapa ndipo lami ilipotuaga. Barabara ya kupanda uwandani ina vipande vya changarawe ngumu ambavyo vinapitika vizuri, halafu bila taarifa unaingia kwenye udongo mweusi laini, na ukiwa umenyeshewa usiku unateleza kwa namna ambayo kashata zenyewe zinajaa na kuwa duara laini. Utaratibu wetu ulikuwa huu: nikiona kipande cheusi kinang'aa, nasema "simama", nashuka, natembea mbele kwa gambuti kupima kwa miguu, halafu namwonyesha mstari wa kupita. Yeye anapita peke yake, gia namba moja, miguu chini kama mtoto anayejifunza. Mimi namkuta upande wa pili nikiwa nahema.

Kutembea huko kulikuwa na manufaa mawili. Pikipiki ilipungukiwa mzigo wake mkubwa kuliko wote, ambao ni mimi, na mimi niliona mambo ambayo dereva hakuyaona. Tulianguka mara kadhaa, polepole, ubavuni, hakuna aliyeumia. Kioo kimoja kimevunjika. Pikipiki tuliinua wawili, kama tulivyoahidi watu wa Morogoro.

Halafu miti ikaisha na uwanda ukafunguka.

Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina eneo la kilomita za mraba 413 hivi, na inatajwa kuwa hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Watu wa bondeni tumezoea hifadhi ya kuangalia vitu vyenye meno. Hapa unaangalia chini. Tuliacha pikipiki, tukalipa kiingilio, tukatembea na mwongozaji. Aina za mimea ni zaidi ya 350, na kati ya hizo okidi za ardhini ni 45 hivi. Kwa mbali uwanda unaonekana kijani tu na madoadoa ya njano na machungwa. Ukiinama ndipo unaona kwamba kila doa ni kitu tofauti: okidi nyeupe zisizozidi urefu wa kidole, nyingine za zambarau zimejipanga kwenye shina moja, na yale maua marefu ya rangi ya moto ambayo ukiyaona mara moja huyasahau. Baba watoto, mtu wa barabara kavu, alikaa chini kwenye majani yaliyolowa na hakuomba kuondoka. Sikusema chochote. Nitasema siku nyingine, nikihitaji.

Mwongozaji alitueleza habari ya chikanda, na ndiyo iliyonikaa kuliko maua yenyewe. Okidi nyingi za hapa zina viazi vidogo chini ya ardhi. Viazi hivyo husagwa na kupikwa pamoja na karanga, na chakula hicho kinapendwa sana Zambia. Mahitaji ya Zambia yalipokua, watu wa vijiji vya huku wakawa wanachimba na kuuza kwa magunia, zinavushwa mpaka. Ukichimba kiazi umeondoa mmea mzima, mwakani hauoti. Biashara hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya uwanda uwekewe ulinzi. Nilimuuliza kama imekwisha. Akacheka. Sheria inalinda ndani ya mipaka ya hifadhi, na mipaka mama mwenye watoto wa kusomesha anaijua vizuri kuliko mgeni kama mimi. Mimi siwezi kumhukumu mchimbaji nikiwa nimekuja kwa pikipiki kutazama maua kwa starehe. Nimeandika tu.

Ndege tuliowaona: tandawala mkubwa akitembea kwenye majani kwa madaha, na mbayuwayu wa buluu iliyokolea wakipita chini karibu na miguu yetu. Huyo mbayuwayu ni adimu na huja kuzaliana huku msimu wa mvua. Kipunji hatukumwona, wala hatukumtegemea, maana ni mnyama wa msituni, kwenye miteremko ya milima ya Livingstone na Rungwe. Ni yule kima mwenye shungi ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata akawekwa kwenye jenasi (kundi la kisayansi) yake peke yake, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Wakati sisi tunamaliza shule, kulikuwa na mnyama wa ukubwa huo kwenye nchi yetu ambaye hayumo kwenye kitabu chochote. Wawindaji wa huku walikuwa wanamjua.

Na maji. Uwanda huu ni kama godoro lililolowa: kila unapokanyaga kuna mfereji mwembamba unaelekea mahali. Sehemu ya maji haya yanashuka bonde la Usangu, yanaingia Ruaha Mkuu, yanapita mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayozalisha umeme, na katikati ya mabwawa hayo mawili ndipo ilipo Mbuyuni, tulipokataa vitunguu. Baba watoto alihesabu kwamba taa ya gereji yetu Morogoro huenda inawaka kwa maji ya hapa. Umeme wa gridi hauna njia moja hivyo, lakini nilimwachia.

Tulikaribia ng'ombe wa shamba la maziwa la Kitulo, Friesian wakubwa weusi na weupe kwenye ukungu, na ukitazama haraka unaweza kudhani uko nchi nyingine kabisa. Maziwa ya moto tuliyokunywa kwenye kibanda karibu na hapo ndiyo chakula bora cha safari nzima, nikiwa nimehesabu na viazi vya bibi.

Matamba

Mapumziko. Nguo zimelowa, hazikauki. Maharage ya jioni yalichelewa mpaka tukala mkate kwanza, na mama mpishi hana kosa: huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, kwa hiyo yanatokota sana lakini yanaivisha kidogo. Wenyeji huloweka maharage tangu asubuhi. Cheni imekazwa, imepakwa oili. Breki ya nyuma imekaguliwa mara mbili, kwa sababu kesho ni Chimala.

Kona hamsini na saba

Tulingoja mpaka jua lilipokausha barabara, hivyo sharti la alfajiri tumelivunja kwa makubaliano.

Kutoka ukingo wa Matamba unaona bonde la Usangu limelala chini, mashamba ya mpunga yana maji yanameta, na barabara ya lami ya kwenda Mbeya ni uzi. Kati yako na uzi huo kuna mteremko uliokatwa kwa kona zilizohesabiwa na kila dereva wa huku. Malori ya viazi na mbao yanashuka hapa hapa. Yanapiga honi kabla ya kila kona, na wewe unapaswa kupiga ya kwako, halafu unasikiliza.

Ushauri wa kushuka, kwa wenye pikipiki ndogo. Usiweke nyutro. Najua vijana wanafanya hivyo kuokoa petroli. Kwenye mteremko huu unaokoa petroli ya chai moja na unapoteza breki zote. Weka namba mbili au moja, acha injini ikushike, breki uzitumie kwa vipindi, za mbele na za nyuma pamoja, kisha uachie. Ngoma za breki zikichemka, ukikanyaga unakuta hakuna kitu. Tulisimama kila baada ya kona kadhaa zipoe. Mtoto mmoja mwema alitaka kuzimwagia maji, tukamzuia: chuma chenye moto kikipata maji ya baridi ghafla kinaweza kupasuka.

Kona kali zaidi nilishuka nikatembea na begi mgongoni. Baba watoto alikuwa ananisubiri chini ya kila kona kama kondakta. Sijaona aibu hata kidogo, ingawa abiria wa Noah moja walidhani tumegombana, na kaka mmoja akatoa kichwa dirishani akaniambia, "Dada, msamehe tu." Nikamjibu nitalifikiria.

Kadiri tulivyoshuka tulivua: glavu kwanza, kisha sweta, kisha jaketi likageuzwa mbele likawa mbele. Chimala ni joto, vumbi, wali na samaki. Kabla ya kula tulitafuta fundi, jeti ya zamani ikarudishwa. Petroli tuliyojaza hapo ilikuwa ya kwanza ya pampu tangu Makete, nyingine yote ilikuwa ya chupa.

Mbeya. Hali ya mradi hadi sasa

Tumefika. Mji uko kwenye mita 1,700 hivi, na baada ya Kitulo tunauona wa joto, jambo ambalo wenyeji wa hapa hawalikubali.

Pikipiki: tairi ya nyuma imelika katikati, itafika nyumbani. Breki shuu za nyuma zimebaki nusu, zinabadilishwa kesho. Cheni imelegea, imevumilia. Kioo kipya kimenunuliwa. Waya wa klachi wa akiba haukutumika, na utarudi Morogoro pale pale ulipolazwa. Plagi moja imetumika. Tyubu moja imezibwa kiraka, msumari, kwenye lami, baada ya milima yote ile.

Vitu ambavyo ningevitoa kwenye mzigo: pampu kubwa, maana kila kijiwe kina ya kwao. Ambavyo ningeongeza: glavu za mpira za kuvaa juu ya glavu za sufu, na soksi. Soksi haziwahi kuwa nyingi.

Watu: tuko sawa. Tumekosana kwa sauti mara moja, sababu ikiwa mimi kusema "simama" katikati ya dimbwi. Alisimama, kwa mujibu wa sharti, na maji yakaingia kwenye gambuti. Hilo limeongezwa kwenye orodha ya ukutani kama kifungu kidogo.

Kipande kilichobaki kwenye ramani yetu ni milima ya Livingstone upande wa Ludewa, kutoka juu hadi Lupingu kwenye Ziwa Nyasa, ambalo liko mita 475 hivi tu. Ni mteremko mrefu na wengi tuliowauliza wanatuambia tusiujaribu kwenye mvua. Kwa hiyo ni Septemba, barabara ikiwa kavu, na baba watoto ameridhika kwa kuwa safari hii mwezi ni wake. Mimi nimekubali mwezi. Nimeweka sharti kwamba mteremko wa Lupingu nauendesha mimi, na yeye ndiye atakayeshuka kwenye kona na begi. Anasema atalifikiria.